SSG, kroskamelosi au krospovidoni: nani akivunje kidonge chako?

Siku moja nilisimama mbele ya mashine ya kupimia uvunjikaji wa vidonge, kikapu chenye mirija sita kikipanda na kushuka ndani ya maji ya nyuzi 37, nikihesabu dakika. Famakopia, yaani kitabu cha viwango vya dawa, inataka kidonge kisichofunikwa kiwe kimevunjika ndani ya dakika 15. Dakika ya kumi na mbili ilifika na hakuna hata kimoja kilichoachia. Vyote sita vilikuwa vimevimba, vinateleza, vimejivika utando kama wa bamia. Nikatoa kimoja, nikakipasua kwa kucha. Katikati kulikuwa na unga mkavu kabisa, kana kwamba haujawahi kuona maji. Mzee aliyekuwa anaendesha mashine ya kubana vidonge akachungulia, akacheka. "Dokta, hili andazi. Nje limeiva, ndani bichi."

Kosa lilikuwa langu. Bechi ya kwanza ilikuwa na asilimia 4 ya SSG, kiambato cha kukipasua kidonge ndani ya maji, na ilivunjika kwa dakika tisa. Nikataka tatu, nikapandisha hadi asilimia 10. Nilidhani nikiongeza kinachovunja, kidonge kitavunjika upesi zaidi. Kumbe nilikuwa nakipikia uji kwa nje, na uji ule ukaziba njia ya maji.

Nasimulia aibu hii kwa sababu kila anayeanza kutunga kidonge huuliza swali nililouliza mimi: ipi inavunja haraka kuliko zote? Lina jibu, ila jibu lenyewe linafaa kwa siku moja tu, ile siku kidonge kinapotoka mashineni. Siku hizi naanza na swali lingine: ipi itakivunja kidonge hiki baada ya miezi sita ndani ya kabati ya nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75? Kabati hiyo huizeesha dawa upesi, na ndimo zinamoumbukia disintegranti nyingi zilizopendeza siku ya kwanza. (Naomba radhi kwa neno. Disintegranti ni kiambato kinachowekwa ili kidonge kipasuke kikikutana na maji. Kiwandani sijasikia mtu akikiita vingine.)

Maji hayafanyi kazi peke yake

Kidonge ni unga uliobanwa kwa nguvu ya tani moja na zaidi, na maji hayaingii mle bila mwenyeji. Disintegranti huyaingiza na kuyatumia kwa njia tatu. Ya kwanza ni kufyonza: hupitisha maji hadi katikati, kama utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta ya taa. Ya pili ni kuvimba, kama maharage yaliyolala ndani ya maji usiku kucha. Ya tatu husahaulika, nayo ni kujirudi. Umeona godoro la sponji lililoviringishwa na kufungwa kamba, likipelekwa nyumbani kwa bodaboda? Kata kamba uone. Chembe iliyobanwa na mashine nayo hufanya vivyo hivyo ikiguswa na maji: inarudia umbo lake na kuwasukuma majirani.

Kila disintegranti ina mchanganyiko wake wa njia hizi tatu, na tofauti nyingi zinazofuata zinaanzia hapo.

Wanga wa mahindi

Tuanze na mkongwe. Wanga una maajabu yake: ukiupika uji unagandisha chembe, ukiuweka mkavu unazivunja. Kiwanda kinaweza kutumia gunia moja kwa kazi zote mbili ndani ya kidonge kimoja. Bei yake ni ya chini na kila mtu anaujua.

Tatizo ni nafasi. Wanga unahitajika kwa asilimia 5 hadi 15, wakati mwingine zaidi. Chukua parasetamoli ya miligramu 500 katika kidonge cha miligramu 600. Umebakiwa na miligramu 100 za kila kitu kingine: kigandishi cha kuushikisha unga, kilainishi cha kuzuia vidonge visinate mashineni, disintegranti. Wanga wa asilimia 15 ni miligramu 90. Unabaki na kumi, na hujaweka hata kigandishi. Kroskamelosi, disintegranti ya kisasa tutakayoifikia, kwa asilimia 3 ni miligramu 18 na habari imekwisha. Kwa bechi ya vidonge milioni moja, unalinganisha kilo 90 na kilo 18 za kununua, kuhifadhi, kupima na kubeba. Anayesema wanga ni rahisi kwa sababu kilo yake ni rahisi hajapiga hesabu ya kidonge.

Ila usiutupe. Klorofeniramini ya miligramu 4, ile ambayo wengi huiita piritoni, ina nafasi tele, na dawa yenyewe huyeyuka vizuri kwenye maji. Hapo wanga unatosha kabisa na sioni sababu ya kununua kitu cha ghali. Wanga wa muhogo nao unakubalika. Famakopia ya Marekani ina sehemu yake. Inaniuma kidogo kwamba wanga wote wa daraja la dawa niliowahi kuushika ulikuja kwa meli, nasi tumezungukwa na mashamba ya muhogo. Lakini daraja la dawa lina masharti yake ya vijidudu, unyevu na usafi, na unga wa sokoni hauyatimizi hata uwe mweupe namna gani.

SSG

Jina lake refu ni stachi glaikoleti ya sodiamu. Mara nyingi hutengenezwa kwa wanga wa viazi mviringo uliobadilishwa kikemia ili uvimbe sana bila kuyeyuka. Sokoni utaikuta kwa majina kama Primojel na Explotab. Kiwango chake ni asilimia 2 hadi 8, na wengi tunatulia kwenye 4. Ukipita 8 unaingia kwenye andazi langu.

Kati ya hizi tatu za kisasa, SSG ndiyo inayotegemea zaidi kuvimba. Chembe zake ni za mviringo, hivyo unga unatiririka vizuri kwenye mashine. Ina sifa moja ambayo haisifiwi inavyostahili: haibabaishwi sana na kilainishi. Magnesiamu stiareti, tunayoitia ili vidonge visinate kwenye chuma, haipendi maji. Ukiichanganya kupita kiasi inazipaka chembe zote kama mafuta na maji yanashindwa kuingia. Disintegranti nyingi hulegea hapo, SSG huvumilia. Vilevile ukiongeza nguvu ya kubana, muda wake wa kuvunja haubadiliki sana. Kwa kiwanda chenye mashine kuukuu ambayo shinikizo lake hupanda na kushuka kutwa nzima, huo ni utulivu wa moyo.

Lakini SSG haikusaidii ugumu wa kidonge, na ukiiweka nyingi kidonge huwa tepetepe. Haipatani na vitamini C. Na kwa kuwa ina chaji ya umeme, haivimbi ndani ya asidi kama inavyovimba kwenye maji matupu, jambo nitakalolirudia.

Kroskamelosi

Hii ni selulosi, yaani nyuzi za mti au pamba, iliyobadilishwa kikemia na kufungwafungwa ili isiyeyuke. Jina lake mashuhuri la biashara ni Ac-Di-Sol. Ukiitazama kwa hadubini unaona nyuzi fupi, na hizo nyuzi ndiyo siri yake: zinafyonza maji kama utambi na papo hapo zinavimba, mara nne hadi nane ya ukubwa wake wa mwanzo. Kwa hiyo hutosheka na kidogo. Nusu asilimia inaweza kufanya kazi, na asilimia 5 ni nyingi. Mimi huanza na 2 nikibana unga moja kwa moja, na 3 nikipitia njia ya maji, yaani kulowesha unga, kutengeneza chembechembe na kuzikausha kabla ya kubana.

Kwenye njia ya maji usiiweke yote mahali pamoja. Nusu iingie ndani ya chembechembe kabla ya kulowesha, nusu ichanganywe nje baada ya kukausha. Ile ya nje inakipasua kidonge kuwa chembechembe, ile ya ndani inazipasua chembechembe kuwa unga. Ukiweka ya nje tu utapata kidonge kinachofumuka kwa sekunde arobaini na kukuachia mchanga mgumu chini ya bika, kile chombo cha kioo cha maabara. Kipimo cha uvunjikaji kitakusifu, kipimo cha uyeyukaji kitakuaibisha, kwa sababu kuvunjika si kuyeyuka.

Ubaya wake sasa. Viungo vinavyozifunga nyuzi zake ni vya esta, na esta hukatika penye alkali. Kidonge chenye viambato vya alkali kinaweza kuanza vizuri na kuchelewa kadiri miezi inavyokwenda. Pia ina chaji hasi, hivyo dawa zenye asili ya besi zinaweza kuishikilia. Mchunguzi wa maabara anapima na kukuta dawa pungufu, anadhani mmekosea uzito, kumbe dawa imenata kwenye nyuzi. Na ukijaza sobitoli kama kitia utamu, kroskamelosi inapunguza kasi, kwa sababu sobitoli inayanywa maji kabla yake.

Pamoja na hayo yote, mtu akinilazimisha kuchagua moja bila kuniambia ni dawa gani, nitasema kroskamelosi.

Krospovidoni

Hii haitoki shambani. Ni polima ya maabara, jamaa ya povidoni tunayoitumia kama kigandishi, ila imefungwa isiweze kuyeyuka. Wanakemia wameipa njia ya kuitengeneza jina la bisi, na chini ya hadubini unaelewa kwa nini: chembe zimejaa matundu kama bisi zilizoshikana. Kampuni ya BASF huiuza kama Kollidon CL, ya Ashland kama Polyplasdone. Kiwango ni asilimia 2 hadi 5.

Haivimbi sana na haigeuki utando. Inafyonza na kujirudi. Hii ndiyo godoro la bodaboda. Kwa sababu haina chaji, haijali asidi, haijali chumvi, wala haishikani na dawa za besi kama wenzake. Juu ya hayo inabanika vizuri, kwa hiyo unapata kidonge kigumu ambacho bado kinafumuka upesi. Ukitaka kidonge cha kuyeyukia mdomoni au kwenye kijiko, mara nyingi hapa ndipo utakapoishia.

Kuna daraja za chembe kubwa na za chembe ndogo, na hapa wengi hukosea. Chembe kubwa huvunja haraka zaidi, lakini ulimi unazihisi kama mchanga. Chembe ndogo, mfano Kollidon CL-SF, ni laini mdomoni ila kasi inapungua kidogo. Kwa kidonge cha kumeza chagua kubwa. Kwa kidonge cha mtoto chagua ndogo na ukubali sekunde chache za ziada.

Dosari zake ni tatu. Kwa kawaida ndiyo ghali kuliko zote hizi. Inanyonya unyevu wa hewani kwa pupa. Na hubeba mabaki ya peroksaidi, ambayo huoksidisha dawa dhaifu, yaani huiharibu kwa oksijeni, taratibu. Famakopia ya Ulaya inaruhusu hadi ppm (sehemu kwa milioni) 400 kwa aina A na hadi ppm 1000 kwa aina B, hivyo usiseme tu "nataka krospovidoni". Taja aina, kisha dai cheti cha kila bechi, maana peroksaidi huweza kupanda ikihifadhiwa vibaya.

Zikikutana ana kwa ana

Ndani ya asidi ya tumbo, SSG na kroskamelosi hupoteza sehemu ya nguvu zake, krospovidoni haipotezi kitu. Ukipima kwa maji tu hutaliona hilo. Pima kwa maji, kisha pima kwa asidi hidrokloriki ya 0.1 M, uone tofauti kwa macho yako.

Kwa kilainishi kilichozidi au kuchanganywa muda mrefu, SSG inashinda. Kwa kidonge kinachomomonyoka na kukataa kukaza, krospovidoni. Kwa njia ya maji, kroskamelosi iliyogawanywa ndani na nje. Kwa mfuko mwepesi, SSG. Na tofauti ya bei si kubwa kama inavyoonekana kwenye ankara, kwa sababu unatumia gramu chache tu kwa kila kilo.

Kwa unyevu, hakuna mshindi. Zote tatu zinakunywa mvuke wa hewani, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Kidonge kikivimba polepole kikiwa kwenye kopo la duka la dawa pale Tanga au Mombasa, nguvu iliyokusudiwa kwa ajili ya maji ya mgonjwa imekwisha kutumika njiani. Kinakuwa laini, kinanenepa kidogo, na siku ya kumezwa kinachelewa. Ndiyo maana ufungashaji ni sehemu ya uchaguzi huu. Kidonge chenye krospovidoni nyingi ndani ya kopo la vidonge 1000 linalofunguliwa mara ishirini kwa siku ni mashaka. Kidonge hichohicho ndani ya pakiti ya alumini pande zote mbili ni salama. Kama kiwanda chako kinaweza kulipia plastiki ya kawaida tu, rudi nyuma na uchague upya.

Vidonge vya kuchemka, vile vya asidi ya sitriki na bikaboneti, sivilinganishi hapa. Vinapasuliwa na gesi, si na disintegranti, na vinahitaji chumba kikavu ambacho kwa hali ya hewa ya pwani utakilipia umeme mchana na usiku.

Na kwa wanaouliza kama viambato hivi ni halali kidini: wanga, SSG na kroskamelosi asili yake ni mimea, krospovidoni ni ya kikemia. Swali lako lielekeze kwa magnesiamu stiareti, ambayo inaweza kutoka kwenye mafuta ya mimea au ya mnyama.

Kwa dawa iliyo mkononi mwako

Parasetamoli 500, njia ya maji, ya kumeza: kroskamelosi asilimia 2 hadi 3, nusu kwa nusu. SSG asilimia 4 pia inafaa na itapunguza gharama.

Metformini: usihangaike. Inayeyuka kwenye maji kiasi kwamba kidonge kinalika kutoka nje kama peremende. Disintegranti yoyote itakusaidia kidogo tu. Sumbuka na kigandishi.

Zinki ya watoto ndipo uchaguzi unapokuwa mtamu. Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani lilielekeza miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14 mtoto anapoharisha, na 10 kwa walio chini ya miezi sita. Miligramu 20 za zinki ni takribani miligramu 55 za zinki salfeti yenye molekuli moja ya maji. Hiyo ni chumvi, na chumvi hukandamiza uvimbaji wa disintegranti zenye chaji. SSG iliyovimba vizuri kwenye maji safi inanywea ikizungukwa na salfeti hiyo. Chukua krospovidoni ya chembe ndogo, tamuisha kwa manitoli badala ya sobitoli, na fungasha kwa alumini.

Famakopia inataka kidonge cha namna hii kisambae ndani ya dakika 3 kwenye maji ya nyuzi 15 hadi 25, na vidonge viwili katika mililita 100 vipite kwenye chujio la mikromita 710. Maji ya bomba ya Dar es Salaam mwezi wa Februari hupita nyuzi 25 kirahisi. Yapoze kwanza, vinginevyo unajisifu kwa joto. Halafu fanya kipimo ambacho hakimo kitabuni: weka kidonge kwenye kijiko cha chai, mimina maji yaenee kijiko, subiri. Mama hana mililita 100 mkononi. Ana kijiko, ana mtoto anayelia, na pengine maziwa yake mwenyewe aliyoyakamulia humo. Nimeona vidonge vilivyofaulu kwenye bika vikigeuka tope zito kwenye kijiko kwa sababu disintegranti ilikunywa maji yote na kubaki bonge. Krospovidoni haikuniletea shida hiyo.

Amoksilini ya miligramu 250 ya kusambaza kwenye maji: unaingiza miligramu 287 za trihaidreti, yaani amoksilini yenye molekuli tatu za maji, dawa isiyopenda kuloweshwa na kukaushwa, hivyo bana moja kwa moja au tengeneza chembechembe kwa njia kavu. Krospovidoni au kroskamelosi zote zinafaa. Mimi hutengeneza bechi ndogo mbili za majaribio, moja kwa kila disintegranti, na kuamua kwa kabati.

Dawa inayooksidika upesi: kroskamelosi, au SSG. Dawa au viambato vya alkali: krospovidoni. Vikigongana, yaani dawa inaoksidika na mchanganyiko ni wa alkali, jaribu SSG kwanza.

Huna kabati ya kuzeesha dawa? Tandaza vidonge ishirini kwenye sahani, bila kifuniko, juu ya rafu ya chumba kisicho na kiyoyozi. Vipime uzito, unene, ugumu na muda wa kuvunjika siku ya kwanza, ya saba na ya kumi na nne. Havitakupa namba za kupeleka kwa mamlaka ya dawa, lakini siku ya saba utakuwa umeshajua ni mchanganyiko gani wa kuuacha. Wangu wa asilimia 10 sikuhitaji kuusubiri hadi siku ya saba. Mzee alikipitia kidonge kimoja siku ya nne, akakiminya kwa vidole viwili, kikabonyea.